Spea Adimu za Nje ya Kiwanda kwenye Magari ya Misuli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wenye magari ya misuli ya Kimarekani (muscle cars, magari ya kawaida yenye injini kubwa), yale ya kuanzia mwaka 1964 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wa mafundi wanaoyashughulikia. Umekuta kwenye gari kifaa ambacho hakikuzaliwa nalo. Nani alikitengeneza? Mwaka gani? Na kilifikaje kwenye gari hili hasa? Maswali mawili ya mwanzo kifaa chenyewe kinaweza kuyajibu. La tatu hujibiwa na gari, karatasi na watu. Makosa mengi ninayoyaona hutokana na kuyachanganya: mtu anathibitisha kwamba manifoldi (kipande kinachogawa hewa na petroli kwa silinda) ni ya 1968, kisha anatangaza kwamba gari lake lilikimbia mashindano mwaka huo.

Spea za nje ya kiwanda ni zipi hasa?

Tenga makundi matatu. La kwanza ni vifaa vilivyofungwa kiwandani ingawa vina jina la kampuni nyingine. Pontiac GTO za gia nne zilitoka na liva ya gia ya Hurst tangu mwanzo, kwa hiyo jina Hurst peke yake si ushahidi kwamba mwenye gari aliongeza kitu.

Kundi la pili ni vifaa vyenye namba ya kiwanda lakini vilivyouzwa kwenye kaunta ya spea ya wakala. Mfano maarufu ni manifoldi ya Camaro Z/28 yenye kabureta mbili za Holley zilizokaa mshazari, iliyoandaliwa kwa ajili ya mbio za Trans-Am. AMC (American Motors) ilikuwa na orodha yake iliyoitwa Group 19, Ford ilikuwa na mpango wa Muscle Parts mwishoni mwa miaka ya 1960, na Chrysler ikaja na Direct Connection katika miaka ya 1970. Vifaa hivi ndivyo vinavyozua ugomvi mkubwa kuliko vyote. Ni vya kiwanda kwa namba, lakini haviko kwenye karatasi za gari.

Kundi la tatu ni kampuni huru. Vic Edelbrock mkubwa alianza na manifoldi yake mwaka 1938. Phil Weiand, Offenhauser, Ed Iskenderian wa kamshafti (mhimili unaofungua valvu), Hooker na Hedman wa heda (mabomba ya kutolea moshi kwenye injini), Mickey Thompson, Cragar na Dean Moon wote walikuwa Kusini mwa California, kwa sababu huko kulikuwa na mbio kwenye maziwa yaliyokauka maji na pia mafundi na viwanda vya kusubu (kumimina metali iliyoyeyushwa) vilivyokuwa vinahudumia ndege. Wengine walitoka mbali na hapo: Hurst Pennsylvania, Sun na Stewart-Warner Chicago, Lakewood Ohio, Crane Florida. Mwaka 1963 watengenezaji hao waliunda chama chao, SEMA, na maonyesho yao ya kwanza yakafanyika 1967 kwenye uwanja wa Dodger Stadium, Los Angeles.

Nimenunua gari lililokaa bandani miaka mingi, limejaa vifaa vya zamani. Nianzie wapi?

Anza kwa kutogusa. Najua mkono unawasha kuchukua maji ya presha na brashi ya waya, lakini uchafu huo ni sehemu ya ushahidi. Mafuta yaliyoganda sawasawa juu ya manifoldi, juu ya bolti zake na juu ya hedi yanaeleza kwamba vitu hivyo vitatu vimekaa pamoja muda mrefu. Ukishaosha, huwezi tena kumwonyesha mtu.

Piga picha kwanza. Picha ya gari zima, kisha ya kila kifaa kikiwa mahali pake, kisha ya karibu ukiwa umeweka rula pembeni. Piga tena gizani kwa tochi iliyolazwa ubavuni, maana mwanga wa ubavuni hunyanyua maandishi ambayo mwanga wa mbele unayafuta kabisa. Fuata njia ya waya na mipira ya petroli. Piga picha hata mashimo matupu, hasa kwenye dashibodi na kwenye bati linalotenga injini na abiria.

Baada ya hapo, safisha kidogo kidogo kwa mafuta ya taa na brashi laini. Herufi zilizofifia zipake chaki, au weka karatasi nyembamba juu yake uchue kwa penseli. Msasa, mchanga wa kupuliza na asidi usivikaribishe. Herufi iliyosubiwa ina kimo cha milimita moja hivi, na alama ya nyundo ina kina pungufu ya hapo.

Kitu kingine ambacho watu hukitupa: bolti, washa na mabano. Fundi wa 1969 alitumia bolti za 1969. Ziweke kwenye mfuko wenye jina la kifaa chake.

Namba nilizozikuta zinasema nini?

Inategemea imeandikwaje. Namba iliyonyanyuka ilikuwa kwenye kalibu, kwa hiyo inatambulisha umbo la kifaa, si kifaa chenyewe. Umbo moja liliweza kuchongwa kwa namna mbili tatu na kuuzwa kwa namba tofauti. Namba iliyogongwa kwa nyundo au iliyochorwa iliwekwa baadaye, na hiyo ndiyo mara nyingi inayokaribia utambulisho wa kipande kimoja.

General Motors waliandika tarehe ya kusubu kwa herufi ya mwezi, siku na tarakimu ya mwisho ya mwaka. C 14 9 ni tarehe 14 Machi 1969, kwa kuwa A ni Januari na C ni Machi. Muongo, yaani ni miaka kumi ipi, unaujua kutokana na namba ya kifaa. Manifoldi zao nyingi za alumini zina pia alama ya chembe ya theluji, ambayo ni ya kiwanda cha kusubu cha Winters, Canton, Ohio. Alama ya kiwanda cha kusubu ni zawadi kubwa kwa mchunguzi, kwa sababu jina la muuzaji linaweza kubadilika wakati msubaji ni yule yule. Buddy Bar wa South Gate, California, alisubu manifoldi zilizouzwa kwa majina zaidi ya moja, zikiwemo zile zenye jina la Cobra.

Ford hutumia namba inayosomeka. C9ZE: C ni miaka ya 1960, 9 ni mwaka wa tisa, Z ni Mustang, E ni injini. Elewa tu kwamba huo ni mwaka ambao mchoro ulitolewa. Kifaa chenye C9 kiliweza kuendelea kutengenezwa na kuuzwa kaunta miaka kadhaa baadaye.

Holley ndiyo rahisi na yenye faida kuliko zote. Tazama kwenye shingo ya hewa, utaona neno LIST na namba, na chini yake tarakimu tatu. Tuseme chini yake pana 972: 9 ni 1969, 7 ni Julai, 2 ni wiki ya pili ya mwezi huo. Oktoba huandikwa 0, Novemba A, Desemba B. Baadaye kampuni ilihamia mfumo wa tarakimu nne, kwa hiyo ukiona nne jua umeshatoka kwenye enzi ya mwanzo. Kabureta iliyotengenezwa kwa ajili ya kiwanda cha Chevrolet huwa pia na namba ya General Motors. Iliyouzwa dukani huwa na namba ya LIST peke yake, mara nyingi ikiwa na kistari na tarakimu ya toleo, kama 3310-1.

Ukishapata tarehe, ilinganishe na tarehe ya kuundwa kwa gari. Kifaa kilichotengenezwa baada ya gari kutoka kiwandani hakikutoka nalo. Kinyume chake hakithibitishi kitu, maana duka liliweza kuwa na kifaa cha mwaka juzi kwenye rafu.

Kifaa changu kina jina tu, hakina namba. Je, kuna matumaini?

Yapo mengi. Tazama jinsi jina lilivyoandikwa, maana kampuni hubadilisha mwandiko wa chapa yake kila baada ya miaka kadhaa, na matangazo ya magazetini yanaonyesha mwandiko upi ulikuwa wa mwaka upi. Jina la toleo nalo lina mipaka: manifoldi ya Edelbrock iliyoandikwa Torker ni ya miaka ya 1970, na iliyoandikwa Performer RPM ni ya miaka ya 1980. Mtu akikuuzia Torker kwa hadithi kwamba ilifungwa kwenye Camaro mpya mwaka 1967, hadithi hiyo imeishia hapo.

Tafuta namba ya hataza (patent, haki ya mvumbuzi). Hataza ya Marekani namba 3,000,000 ilitolewa Septemba 1961, na namba 4,000,000 ilitolewa Desemba 1976. Kwa hiyo namba yoyote ya milioni tatu na kitu iko kati ya miaka hiyo. Iingize kwenye hifadhi za hataza zilizo mtandaoni na utapata tarehe kamili, michoro na jina la mvumbuzi, hata kama kampuni yake ilikufa miaka hamsini iliyopita. Binafsi naiona hii kuwa njia nzuri kuliko zote kwa vifaa vya kampuni ndogo ambazo hazikuacha katalogi. Kifaa hakiwezi kutangulia hataza ambayo namba yake kimeibeba. Kinaweza kuwa cha baadaye sana, kwa kuwa enzi hizo hataza ilidumu miaka 17 na kalibu hazikubadilishwa ovyo. Maneno PAT. PEND. huashiria utengenezaji wa mwanzo, lakini wengine waliyaacha kwenye kalibu hata baada ya hataza kutoka.

Na kama kuna namba ya kibali cha bodi ya hewa ya California, inayoanza na E.O. na herufi D, basi uko kwenye enzi ya sheria za moshi. Hicho si kifaa cha 1966.

Nina kisanduku cha asili na karatasi ya maelekezo. Vina thamani?

Kwa utafiti, mara nyingi vina thamani kuliko kifaa. Soma anwani. Kabla ya Julai 1963 miji mikubwa ilitumia namba ya kanda yenye tarakimu moja au mbili baada ya jina la mji. Kuanzia hapo zikaja tarakimu tano za ZIP. Kisanduku chenye tarakimu tano hakikuchapwa kabla ya hapo. Misimbo ya mistari ilisomwa dukani kwa mara ya kwanza Juni 1974, huko Troy, Ohio, kwa hiyo kisanduku chenye mistari hiyo hakikununuliwa 1970 hata muuzaji aape vipi.

Mji nao husaidia. Edelbrock walikuwa Los Angeles, kisha El Segundo, kisha wakahamia Torrance miaka ya 1980. Hiyo ni ngazi ya tarehe tayari.

Tahadhari moja: kisanduku hutembea. Kisanduku cha zamani chenye kifaa kipya ndani ni hila ya kawaida kwenye minada ya spea. Linganisha namba ya nje na ya ndani, na tazama kama alama za kifaa zimechubua kadibodi.

Magazeti na katalogi za zamani nazitumiaje?

Jarida la Hot Rod lilianza Januari 1948, na lilifuatiwa na mengine mengi. Kurasa za matangazo ndizo muhimu, kuliko hata makala. Tangazo la kwanza la kifaa hukupa mwaka wa kuingia sokoni, na la mwisho hukupa mwaka wa kutoka. Kumbuka gazeti la mwezi fulani lilikuwa limeandaliwa miezi kadhaa kabla, na kwamba kampuni nyingine zilitangaza kitu ambacho hakikuwahi kufika dukani.

Katalogi za wauzaji kwa posta, kama JC Whitney wa Chicago na Honest Charley wa Chattanooga, Tennessee, zinaonyesha jambo la pili: kifaa kile kile kikiuzwa bila jina la mtengenezaji, au kwa jina la duka. Ukikuta heda au kifuniko cha valvu chenye chapa usiyoijua, kabla ya kuamini umegundua kampuni iliyosahaulika, linganisha mbavu, nafasi za bolti na umbo la kingo na bidhaa za kampuni kubwa za wakati huo.

Nitajuaje kama ni kopi?

Chukua rula. Alumini ikimiminwa kwenye kalibu na kupoa, husinyaa kwa karibu asilimia 1.3. Mtengenezaji wa asili aliutengeneza mfano wa kalibu ukiwa mkubwa kidogo ili alumini ikisinyaa ifikie kipimo. Mtu anayenakili huchukua kifaa cha asili, anakitumia kama mfano, kisha anamimina. Kinachotoka kimesinyaa mara ya pili. Kwenye urefu wa milimita 300 utakosa karibu milimita 4, na hilo halihitaji maabara.

Lakini pima sehemu zisizochongwa. Mashimo ya bolti na nyuso zinazokutana na gasketi hutobolewa na kusawazishwa upya ili kifaa kiingie kwenye injini, kwa hiyo hapo kopi itapima sawa. Pima urefu wa jina lililonyanyuka, kutoka ukingo wa herufi ya kwanza hadi wa mwisho. Pima mbavu. Linganisha na kifaa ambacho asili yake haina shaka, na umwombe mwenye nacho akupigie picha yenye rula.

Dalili nyingine ni herufi zenye kingo laini kama sabuni iliyotumika, chembe za mchanga kubwa mahali ambapo asili ilikuwa nyororo, na makovu ya kifaa cha asili yaliyonakiliwa: ukiona manifoldi mbili zina pengo lile lile kwenye ubavu ule ule, angalau moja ni kopi.

Si kila toleo jipya ni udanganyifu. Baadhi ya kampuni zimerudisha sokoni vifaa vyao vya zamani kwa jina lao wenyewe, na hizo ni bidhaa halali. Udanganyifu unaanza pale mtu anapofuta alama ya toleo jipya.

Magurudumu yangu ni Cragar S/S. Ni ya enzi ile?

Cragar S/S ilitoka 1964: kitovu cha alumini kilichounganishwa na rimu ya chuma, vyote vikiwa na kromu. Iliuzwa kwa wingi na kwa miaka mingi, kwa hiyo jina peke yake halikupi tarehe. Tazama mgongoni mwa gurudumu: alama za kusubu, tarehe, na namna kitovu kinavyoungana na rimu. Tazama pia mashimo. Chevrolet hutumia bolti tano kwenye duara la inchi 4.75, Ford na Chrysler nyingi inchi 4.5, na Chrysler ndogo kama Dart na Barracuda za wakati huo inchi 4. Gurudumu lenye mashimo marefu ya kuingia magari tofauti limetembea zaidi ya gari moja, pengine.

Adimu kweli kweli ni magurudumu ya Hurst ya katikati ya miaka ya 1960, yaliyotengenezwa muda mfupi, na ya magnesi kutoka Halibrand na American Racing.

Kuna takometa ya Sun juu ya dashibodi, na kisanduku chenye waya ndani ya boneti. Vinahusiana?

Ndiyo, na usivitenganishe. Takometa nyingi za mwanzo za Sun zilihitaji kisanduku cha kupeleka ishara. Watu wamekuwa wakitupa visanduku hivyo wakidhani ni takataka, ndiyo maana takometa zimebaki nyingi na visanduku vichache. Vikiwa vyote viwili, na waya zilizochakaa sawa, na vumbi la umri mmoja, hiyo ni moja ya dalili bora kwamba kitu kilifungwa zamani na hakikuhamishwa. Chunguza kama kisanduku ni cha silinda nane.

Aliyeniuzia alisema gari "limetengenezwa na Yenko". Nithibitisheje?

Hapa pana pesa nyingi, kwa hiyo pana uongo mwingi. Wakala kadhaa wa Marekani walijenga jina kwa kuongeza nguvu kwenye magari mapya: Don Yenko wa Canonsburg, Pennsylvania, Nickey wa Chicago, Baldwin-Motion wa Long Island, ambako Joel Rosen alifanya kazi na wakala wa Baldwin Chevrolet, Royal Pontiac wa Royal Oak, Michigan, na kifurushi chake cha Bobcat, Grand Spaulding Dodge wa Chicago, Tasca Ford wa Rhode Island.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba baadhi yao waliuza vifaa hivyo hivyo kwa posta. Kifurushi cha Bobcat kiliweza kufika kwa mwenye GTO aliyekuwa mbali kabisa na Michigan na hajawahi kukanyaga Royal Oak. Nickey na Motion walikuwa na katalogi. Kwa hiyo kibandiko, nembo na hata vifaa vyote vya orodha vikiwa kamili, bado vinakwambia tu kwamba mtu alivinunua. Havisemi nani aliuza gari.

La pili ni kwamba kazi ya wakala mmoja ilibadilika mwaka hadi mwaka. Camaro za Yenko za 1967 zilivuliwa injini na kuwekewa ya inchi za ujazo 427 na watu wa Yenko. Za 1969 zilikuja na 427 kutoka kiwandani chini ya oda maalumu COPO 9561. Anayekuonyesha alama za injini kubadilishwa kwenye gari la 1969 kama uthibitisho, anathibitisha kinyume. Vivyo hivyo kwa Camaro ZL1 za 1969, zile 69 zenye injini ya alumini, ambazo zilianzishwa na oda ya Fred Gibb wa La Harpe, Illinois: hizo zilitoka kiwandani, si bandani kwa mtu.

Kinachothibitisha ni karatasi zinazounganisha namba ya gari na wakala. Kwa Pontiac, huduma ya PHS hutoa nakala ya ankara ya kiwanda. Kwa Ford za kuanzia 1967, ripoti za Marti (kampuni yenye kumbukumbu za Ford) hueleza gari liliagizwaje na lilipelekwa wapi. Kwa General Motors tafuta Protect-O-Plate, kile kibati kidogo cha kitabu cha dhamana kilichotolewa kati ya 1965 na 1972. Chevrolet nyingi zilizouzwa Marekani hazina hifadhi ya kuuliza, ndiyo maana karatasi zake zinaghushiwa sana. Zilizouzwa Kanada zina bahati, kwa sababu General Motors ya huko ilihifadhi kumbukumbu.

Na nitathibitishaje kwamba kifaa kilifungwa kwenye gari langu zamani, si mwaka jana?

Fungua kifaa kwa subira na utazame chini yake. Rangi ya kiwanda iliyojificha chini ya bano imebaki safi wakati pembeni imefifia: bano limekaa hapo muda mrefu. Mashimo yaliyotobolewa kwa mkono yenye kutu ya umri mmoja na bati linaloyazunguka ni ya zamani. Shimo lenye ukingo unaong'aa ni la juzi. Gasketi za gome laini kama la vizibo vya chupa, mkanda wa umeme wa kitambaa, viunganishi vya waya vya wakati ule, vyote vinasema.

Kisha tafuta picha. Picha moja ya familia ya 1970, gari likiwa limeegeshwa mbele ya nyumba na boneti ikiwa wazi, inashinda kurasa kumi za hoja. Tafuta pia vibandiko vya maduka ya spea kwenye vioo, maandishi ya daraja la mbio, na vikaratasi vinavyoonyesha muda ambao gari lilitumia kutoka viwanja vya mbio za mita 400. NHRA, chama cha mbio hizo kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951, kilipanga magari kwa madaraja, na daraja lililoandikwa kwenye kioo hukwambia gari lilikuwa na vifaa gani siku hiyo, kwa kuwa kila daraja lilikuwa na ruhusa zake.

Wamiliki wa zamani nawapataje?

Kwa adabu. Tangu 1994 Marekani ina sheria inayozuia ofisi za usajili kutoa taarifa za wenye magari kiholela, kwa hiyo usitegemee kaunta ya serikali. Tumia hati ulizonazo, kitabu cha mwongozo chenye jina ndani, risiti za gereji, magazeti ya mji aliokuwa anaishi mtu huyo. Ukimpata, mwandikie barua ukieleza wewe ni nani na kwa nini unauliza. Wengi ni wazee sana sasa. Muulize maswali yaliyo wazi: "Ulinunua wapi vifaa vya gari?" Usimuulize, "Hii ni ya duka fulani, sivyo?", kwa sababu mzee mkarimu atakukubalia.

Na mwombe picha kabla ya hadithi.

Naishi Muscat (au Nairobi, au Kinshasa). Utafiti huu unawezekana kwa mbali?

Sehemu kubwa, ndiyo. Hataza ziko mtandaoni bure. Majarida mengi ya zamani yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Maktaba za magari, kama ile ya AACA (chama cha magari ya kale) huko Hershey, Pennsylvania, na mkusanyiko wa historia ya magari wa Maktaba ya Umma ya Detroit, hupokea maswali ya watu wa mbali. Andika swali moja lenye namba na picha, si "niambie kila kitu". Kisichowezekana kwa mbali ni kushika kifaa kingine cha kulinganisha. Kwa hilo mtafute ndugu aliyeko Marekani aende kwenye masoko ya spea ya Hershey au Carlisle akiwa na rula na orodha yako.

Je, nivue vifaa hivi nirudishe gari kama lilivyotoka kiwandani?

Kwa maoni yangu, hapana, ikiwa ni vya enzi ile na vimekaa na gari tangu mwanzo. Vijana walionunua magari haya walianza kuyabadilisha wiki ile ile. Heda, magurudumu, takometa, liva ya gia: ndivyo yalivyoonekana barabarani kweli. Wamarekani wana jina la magari hayo, Day Two (siku ya pili), na maonyesho makubwa ya kila Novemba huko Rosemont, karibu na Chicago, huyapa nafasi yake. Gari linaweza kurudishwa kwenye hali ya kiwandani wakati wowote, kwa kuwa spea za aina hiyo zinatengenezwa hadi leo. Vifaa vilivyofungwa na mwenye gari wa 1968 vikishatawanywa, havirudi pamoja.

Ukilazimika kuvivua, viweke vyote mahali pamoja, na viambatane na gari likiuzwa.

Magurudumu ya magnesi naweza kuyatumia barabarani?

Yaweke ukutani. Magnesi ya zamani huliwa na unyevu na hupata nyufa zisizoonekana kwa macho. Ili kuitambua, ni nyepesi kuliko alumini kwa zaidi ya theluthi, na tone la siki kwenye sehemu iliyo wazi mgongoni hutoa mapovu. Usichomelee wala kusaga karibu nayo: vumbi lake hushika moto, na moto huo ukimwagiwa maji unazidi.

Nikiuza, niandikeje?

Andika unachokijua na umekijuaje, kila kimoja mahali pake. Kwa mfano: "Kabureta ya Holley, toleo la dukani, imetengenezwa Julai 1969 kwa mujibu wa namba zake. Alama za kutu na rangi zinaonyesha imekaa kwenye injini hii muda mrefu. Aliyeifunga hajulikani." Ambatanisha picha ulizopiga kabla ya kuosha, na michoro ya penseli ya namba, ili mnunuzi asome mwenyewe.